Harry Johnston: muzungu aliyepotezwa na mistari myeupe ya okapi

Harry Johnston alizaliwa London, Uingereza, tarehe 12 mwezi wa sita 1858. Alikuwa mutu wa serikali, lakini alipenda sana kuchora wanyama na kuandika luga za Waafrika.

Historia yake inagusa Katanga pia. Mwaka wa 1890 alimutuma Alfred Sharpe ku Bunkeya, kaskazini ya Likasi, ili Mwami Msiri atie sahihi na inchi iende kwa Waingereza. Msiri alikataa. Mwaka uliofuata aliuawa na watu waliotumwa kwa ajili ya Leopold wa pili.

Kuanzia 1899 Johnston alikuwa mukubwa wa Uganda. Mjerumani mumoja alikamata Wambuti ili wakaonyeshwe Paris kwenye maonyesho ya 1900. Johnston aliwakomboa, akawarudisha kwao. Hao ndio walimuelezea juu ya nyama wa pori anayefanana na punda, mwenye mistari.

Upande wa Beni alipata mikaba ya askari iliyokatwa katika ngozi ya nyama huyo. Kuona mistari myeusi na myeupe, akafikiri ni punda milia wa aina mupya. Wenyeji wakamuonyesha nyayo: kwato mbili kwa kila muguu. Farasi na punda milia wana kwato moja tu. Johnston hakuamini, akasema ni nyayo za nyama mwingine. Vipande vilipofika London, wataalamu wakamuandika nyama huyo katika jamaa ya farasi: Equus johnstoni.

Katikati ya 1901 zikafika ngozi nzima na mafuvu mawili, kutoka kwa Karl Eriksson, ofisa wa Uswidi aliyetumika Kongo. Kumbe okapi ni ndugu ya twiga!

Rangi nyeupe peke yake haitoshi kuonyesha ukoo. Hata kwa farasi wenyewe, alama nyeupe za uso ao miguu zinakuja pale chembe za rangi hazikufika mutoto akiwa angali tumboni. Jeni za wazazi zinaongoza hiyo, lakini watoto wa mama mumoja wanaweza kutofautiana. Kwato, meno na mifupa ndivyo vinasema ukweli zaidi.

Johnston alikufa mwaka wa 1927. Kitaalamu nyama bado anaitwa Okapia johnstoni. Lakini okapi, jina ambalo hata Radio Okapi inabeba, ni la watu wa pori la Ituri, wale waliosoma nyayo vizuri.