Krapf: Maisha yaliyoanza kwa kaburi Mkomani

MTU anayevuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kushika njia ya Mkomani hufika ufuoni, mkabala na Mji wa Kale, lilipo kaburi la mama mgeni na mwanawe mchanga. Karibu na hapo umesimama mnara wa kumkumbuka mume wa marehemu, Dkt Johann Ludwig Krapf. Makavazi madogo ya Rabai, yaliyo ndani ya kanisa la kale huko bara, yana jina lake na husimulia safari zake. Hata hivyo, atakaye kumwelewa mtu huyu na aanzie Mkomani.

Krapf alizaliwa mwaka wa 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini mwa Ujerumani, akiwa mwana wa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akalala kitandani miezi mingi. Katika ugonjwa huo ndimo alimoshika kusoma Biblia.

Alipokua, alitumwa Uhabeshi na shirika la kimishenari la Uingereza, CMS. Huko alifukuzwa. Yeye na mkewe, Rosine, walimzika njiani binti yao wa kwanza, waliyempa jina lenye maana ya chozi.

Mapema mwaka wa 1844 walifika Unguja, ambako Sayyid Said alimpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa. Mnamo Juni alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Mueddin wa Barawa. Si jambo dogo hilo: mmishenari akifunzwa lugha na kadhi, ilhali kila mmoja akijua fika imani ya mwenzake.

Julai, homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafariki siku chache baadaye, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa iyo hiyo. Kwa ombi la mkewe, maiti ilivushwa maji ikazikwa bara, ili wapita njia waone kaburi na kukumbuka sababu ya wageni hao kuja. Mtu mwingine angepanda jahazi arudi kwao. Krapf alirudi kwenye karatasi zake.

Mwaka wa 1846 alijiunga na mwenzake Johannes Rebmann, na kwa idhini ya wazee wa Rabai wakajenga kituo huko. Waumini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyekuwa mgonjwa mahututi.

Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani, Krapf aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Baadhi ya wataalamu waliokuwa wameketi London walikataa katakata kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Wakamba, waliomtajia mlima huo, hawakuulizwa. Mwaka wa 1851 mwenyeji wake, Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri, aliuawa walipovamiwa karibu na mto Tana. Krapf aliponea chupuchupu, akatembea nyikani peke yake akiwa amebeba maji ndani ya mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mtutu wa bunduki.

Afya ilipomshinda, aliondoka pwani mwaka wa 1853. Alipeleka Ujerumani hati za tenzi za Kiswahili alizozikusanya, na akaendelea na kamusi yake kwa miaka mingi. Alifariki Novemba 1881 huko Korntal, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi ilichapishwa London mwaka wa 1882, yeye asiione.

Kamusi hiyo imejaa Kimvita. Mwaka wa 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa uliamua Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, jambo ambalo wengi wa Mvita hawajalimeza hadi leo. Miaka mitatu kabla ya uamuzi huo, toleo la kamusi lililosahihishwa na Kasisi Harry Binns lilikuwa limechapishwa. Binns alifanya kazi miaka mingi Freretown, Kisauni, mwendo mfupi kutoka kaburi la Rosine.