Vavilov, Mrusi Aliyekusanya Mbegu za Nchi Kame

Mwaka 1927, Ras Tafari wa Uhabeshi, yule ambaye miaka mitatu baadaye alitawazwa akaitwa Haile Selassie, alimpokea Addis Ababa mgeni kutoka Urusi ambaye hakuwa balozi wala muuza silaha. Mgeni huyo alikuwa na haja moja tu: ruhusa ya kupita vijijini na msafara wa nyumbu, akusanye punje za ngano, za shayiri na za tefu kwa wakulima. Jina lake Nikolai Ivanovich Vavilov. Nimeazimia leo kumsimulia msomaji habari za maisha yake, kwani sisi tuliomo katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya ardhi yake ni kame au nusu kame tuna haja kubwa ya kumjua mtu huyu, na aghalabu hatumjui.

Alizaliwa Moscow mwaka 1887. Babake alitokea shamba, katika ukoo wa wakulima mafukara, akapanda mpaka akawa tajiri wa biashara ya nguo. Mtoto alipokuwa wa miaka minne, ukame uliipiga mikoa ya mto Volga, na njaa ya 1891 na 1892 ikaua watu mamia ya maelfu. Ndugu yake Sergey alishika elimu ya fizikia. Nikolai akashika ya kilimo, akahitimu huko huko Moscow, na mwaka 1913 akaenda Uingereza kusoma kwa William Bateson, mwanachuoni aliyeipa elimu ya urithi wa viumbe jina la jenetiki. Lililomshughulisha zaidi siku hizo ni kwa nini ngano moja hushikwa na ugonjwa wa kutu, na jirani yake, katika udongo ule ule, ikasalimika.

Safari yake ya kwanza ya nchi kame ilikuwa mwaka 1916, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza. Askari wa Kirusi waliokuwa Iran walikuwa wakila mkate wakapepesuka kama walevi, naye akatumwa atafute sababu. Akaikuta ndani ya ngano yenyewe, iliyochanganyika na mbegu za gugu lenye sumu. Kazi aliyotumwa ilikwisha hapo, lakini Bwana Vavilov hakurudi nyumbani. Aliendelea mbele mpaka milima ya Pamir, kutazama watu wa huko wanapanda nini. Tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote.

Aliporudi alifundisha Saratov, mji ulioko kando ya Volga, katika nyika ambayo mvua yake haitegemeki. Kisha mwaka 1921 akaitwa Petrograd kuongoza idara ya mimea, na mwaka huo huo ukame ukarudi Volga juu ya nchi iliyokwisha kuchanwa na vita. Katika njaa ya 1921 na 1922 walikufa watu wapatao milioni 5. Vavilov alipelekwa Marekani kutafuta mbegu na vitabu. Zingatia, msomaji, kwamba Marekani wakati huo ilikuwa haijaitambua serikali ya Wabolsheviki, wala haikuitambua mpaka mwaka 1933. Hata hivyo watu wa kilimo wa nchi hizo mbili walikaa meza moja, mbegu zikapita baharini, na chakula cha msaada kutoka Marekani kikawalisha Warusi kwa mamilioni. Ofisi ya kukusanya mbegu ikafunguliwa New York. Siasa zilikuwa zimefunga mlango, mbegu zikapitia dirishani.

Hapa sina budi nieleze fikira yake, kwani bila ya hiyo safari zake zote zitaonekana kama matembezi. Mkulima wa nchi kame, aliyepanda shamba lile lile tangu enzi za mababu, kila mwaka amekuwa akiokota mbegu kutoka kwa mashuke yaliyostahimili. Yanayokauka yamekufa bila ya kizazi. Baada ya miaka elfu kadhaa, punje zilizo katika kibuyu chake zina siri ambazo hakuna maabara iliyozitunga: moja hukomaa upesi kabla ya jua kali kuingia, nyingine ina mizizi inayochimba kwenda chini kutafuta unyevu, nyingine haishikwi na kutu. Vavilov alisema kuwa kila mmea unaolimwa una kwao, na kwao ni kule ambako namna zake ni nyingi kuliko kwingine. Sisi watu wa pwani hatupati taabu kulifahamu jambo hili. Mwenye kwetu ana kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi. Wa bara ambaye hakukua chini ya mnazi ana neno moja tu. Penye wingi ndipo penye ukongwe. Kitabu chake juu ya habari hiyo kilitoka mwaka 1926, akapewa Tuzo ya Lenin.

Basi akaenda kuzitafuta hizo kwao. Mwaka 1924 alizunguka Afghanistan kwa farasi, takriban kilomita 5,000. Mwaka 1926 akaanza safari ya nchi za Bahari ya Kati: Syria, ambako homa ya malaria ilimwangusha, Lebanon, Palestina, Algeria, Tunisia, Morocco, Ugiriki, Italia na Uhispania. Baadaye akafika China, Japani, Mexico, Peru. Alikuwa halali ila saa chache, na kila afikapo hujaribu kushika lugha ya wenyeji, maana siri ya mbegu huwa kinywani mwa mkulima kabla ya kuwa katika punje.

Lakini mimi nakaa zaidi Uhabeshi. Katika nyanda zile za juu alikuta ngano ngumu za rangi na maumbo yasiyokuwa na hesabu, hata zenye punje za zambarau, zimechanganyika shambani bila ya mwenyewe kuona ajabu. Alifikiri kwamba huko ndiko zilikozaliwa. Wanavyuoni waliokuja nyuma wamemsahihisha: ngano mwitu haioti Uhabeshi, na asili yake ni ule ukanda wa Syria, Uturuki na Iraki, Uhabeshi ni nyumba yake ya pili ya tangu kale, ambako ilizaa na kuongezeka. Kosa hilo halikumpunguzia kitu, kwani wingi aliouona ulikuwapo kweli. Mwenzake wa Marekani, Harry Harlan, alikuwa amekwisha kupita huko mwaka 1923 akikusanya shayiri. Wawili hawa walikuwa marafiki, na Vavilov aliwahi kuwa mgeni nyumbani kwa Harlan. Baada ya miaka mingi, shayiri za California ziliposhambuliwa na ugonjwa wa virusi unaozigeuza manjano na kuzidumaza, kinga ilipatikana katika shayiri za Uhabeshi.

Na wale wakulima wa Uhabeshi, walipata nini? Hawakupata kitu. Hilo nalisema bila ya kumpunguzia Vavilov heshima, maana yeye mwenyewe hakutajirika kwa punje hata moja, na zilizokusanywa aliwagawia wenzake wa nchi nyingine. Lakini wakulima wale ndio wataalamu wa kwanza, na katika madaftari ya dunia hawana majina. Ilichukua miaka mingi kabla ya mataifa kukubaliana kwamba nchi ina haki juu ya mimea yake na faida itokanayo nayo. Maneno ya mkataba huo yalipitishwa hapa petu Nairobi mwezi wa Mei 1992, kabla ya kutiwa sahihi Rio de Janeiro. Mwingine uliohusu mbegu za chakula peke yake ukafuata mwaka 2001.

Kufikia mwaka 1940 hazina yake Leningrad, kama Petrograd ilivyoitwa tangu 1924, ilikuwa na namna zipatazo 250,000. Sisi tuliopitia chuoni tunakijua kisa cha Nabii Yusufu, jinsi alivyoagiza nafaka iachwe katika mashuke yake kwa ajili ya miaka ya dhiki. Yusufu alimwekea Firauni chakula. Vavilov aliwekea watu wasiozaliwa bado uwezo wa kulima, na huo hauliki.

Uwezo huo usiolika ndio uliomponza. Stalin alitaka mavuno, tena upesi. Wakulima walikuwa wamelazimishwa kuingia katika mashamba ya pamoja, na njaa ya 1932 na 1933 ikaua mamilioni mengine. Ilitakiwa mtu wa kuahidi, akatokea Trofim Lysenko, aliyedai kwamba ngano yaweza kufundishwa tabia mpya kwa kulowekwa na kutiwa baridi, na kwamba tabia hiyo itarithiwa na wajukuu wake. Vavilov alikuwa akisema kwamba kuzalisha ngano mpya kwataka miaka kumi au zaidi. Lysenko alisema miwili, mitatu. Mwanzoni Vavilov alimsifu kijana yule na kumfungulia milango, na naona hapo alikosea. Moyo wake mkunjufu haukumwonya. Mwaka 1935 aliondolewa katika urais wa chuo kikuu cha wataalamu wa kilimo alichokiongoza tangu 1929. Ruhusa za kusafiri ng'ambo zilikwisha kukatwa baada ya 1933. Mkutano wa dunia wa jenetiki uliokuwa ufanyike Moscow mwaka 1937 ukafutwa. Ulipofanyika Edinburgh mwezi wa Agosti 1939, wenzake walimchagua yeye kuwa rais, lakini serikali yake haikumwachia aende. Mkutano ukaendeshwa na mwingine, na kabla haujamalizika wajumbe wakaanza kukimbilia makwao, kwa kuwa Vita Vikuu vya Pili vilikuwa mlangoni.

Walimkamata tarehe 6 Agosti 1940. Alikuwa karibu na mji wa Chernivtsi, magharibi ya Ukraine, akifanya kazi ile ile ya kuokota mbegu. Wenzake walipoufungua mfuko alioacha nyuma, walikuta ndani fungu la ngano ya kale ya milimani, aliyoichuma siku ile.

Mashitaka yalikuwa ya ujasusi na ya kuharibu kilimo cha nchi. Mtu aliyeandikiana barua na wataalamu wa dunia nzima akaonekana ana dunia nzima ya kujibia. Mwezi wa Julai 1941 alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Wajerumani walipoikaribia Moscow, wafungwa walihamishwa, naye akapelekwa Saratov, mji ule ule alikofundisha akiwa kijana. Mkewe, Elena Barulina, mwanachuoni wa mimea, naye alihamia Saratov kukimbia vita. Aliishi si mbali na gereza bila ya kujua nani yumo, na vifurushi vya chakula alivyompelekea mumewe alivituma Moscow.

Nikolai Vavilov alifariki katika gereza hilo tarehe 26 Januari 1943 kwa kudhoofu kwa njaa, akiwa na umri wa miaka 55. Kaburi lake lilichanganywa na ya wafungwa wengine. Miaka miwili baadaye Stalin alimfanya Sergey, ndugu yake, kuwa rais wa chuo kikuu cha sayansi cha dola ile ile.

Leningrad nako, kuanzia Septemba 1941 mpaka Januari 1944, mji ulikuwa umezingirwa na jeshi la Hitler. Watu walikula gundi na ngozi za viatu. Katika jengo la hazina ya mbegu zilikuwamo tani za nafaka, na waliozilinda walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine. Aleksandr Shchukin, mtunza njugu, alikufa mezani pake. Dmitri Ivanov, mtunza mchele, naye alikufa kwa njaa, na mapakiti ya mchele kwa maelfu yakakutwa mazima karibu naye. Yapo mambo ambayo mtunga mashairi hayagusi, kwa kuwa yakiongezwa neno yanapungua.

Mwaka 1955 mahakama ilimtakasa na mashitaka yote, na chuo cha Leningrad kikaja kupewa jina lake. Mwaka 1976 Waethiopia walijenga hazina yao wenyewe ya mbegu Addis Ababa, kwa msaada wa Wajerumani. Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa uliita mkutano wake wa kwanza juu ya kuenea kwa jangwa, ukafanyika Nairobi. Na mwaka huo huo kikaanzishwa kituo cha mataifa cha utafiti wa kilimo katika nchi kame, ambacho kiliweka makao karibu na Aleppo, Syria, nchi ile aliyougulia Vavilov malaria.

Kituo hicho kilikusanya mbegu za ngano, shayiri, dengu na adesi kutoka nchi nyingi, na kikawa na busara ya kupeleka nakala katika ghala lililochimbwa ndani ya mlima, katika visiwa vya Svalbard vya Norway, karibu na ncha ya kaskazini, lililofunguliwa mwaka 2008. Vita vya Syria vikaja, wataalamu wakalazimika kuhama. Mwaka 2015 walikwenda Svalbard wakaomba mbegu zao, na hao wakawa watu wa kwanza kutoa kitu katika ghala lile. Wakazipanda Lebanon na Morocco, wakavuna, wakazikausha, na mwaka 2017 wakaanza kurudisha masanduku. Miongoni mwa mbegu walizorudisha zimo adesi, mmea ambao Elena Barulina aliufanyia utafiti na kuuandikia kitabu.