Jenerali wa Kijerumani na Askari Wake

Tukisoma Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia tunakariri miji ya Ulaya, kana kwamba huku Kebirigo hapakusikika lolote. Kumbe mnamo Septemba 1914 Wajerumani waliingia mji wa Kisii! Basi nitawasimulia maisha ya mkuu wa jeshi hilo, Paul von Lettow-Vorbeck.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1870, mwana wa mwanajeshi, naye akafuata kazi ya babake. Alipigana China, kisha Namibia ya leo, ambako Wajerumani waliwaangamiza Waherero. Huko alijeruhiwa, jicho moja likapofuka.

Januari 1914 alifika Dar es Salaam. Jeshi alilopewa lilikuwa na kombania 14: Wajerumani 260 hivi na askari Waafrika 2,500 hivi, wakiwemo Wanyamwezi, Wasukuma na Wasudani. Walielewana kwa Kiswahili. Walivaa kaki, miguu imezungushiwa vitambaa, na kichwani tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki. Bunduki zao nyingi zilikuwa za mtindo wa 1871. Ukifyatua tu, moshi unamwonyesha adui ulipojificha!

Kisii yeye mwenyewe hakufika. Askari wake walipigana na Waingereza huko, halafu pande zote mbili zikaondoka. Wenyeji wakapora mji. Waingereza waliporudi waliwaadhibu vikali na kutwaa ng'ombe wao.

Novemba 1914 Lettow aliwashinda Waingereza pale Tanga, ingawa walikuwa wengi mara nyingi kuliko watu wake. Aliteka bunduki mpya 455 na za rashasha 16. Baadaye alizidiwa, akawa anarudi nyuma akipigana hadi Msumbiji na Zambia ya leo. Alijisalimisha tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kwisha Ulaya. Alibaki na askari 1,168. Alifariki mwaka 1964.

Kwao alipokelewa kama shujaa. Mimi sikatai kwamba alikuwa hodari, lakini je, nani aliyebeba mizigo? Jeshi lake lilichukua chakula vijijini, likaacha njaa. Upande wa Waingereza, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi. Jina la Kariakoo linatokana na kikosi chao, ila majina yao wenyewe hatuyajui.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Wenzangu, tuwaulize wazee wetu wangali hai: ni nani wa ukoo wetu alichukuliwa asirudi?