Fuller Albright

Fuller Albright (Buffalo, 12 Januari 1900 – Boston, 8 Desemba 1969) alikuwa daktari na mtafiti wa homoni na mifupa kutoka nchini Marekani.

Hasa anajulikana kwa kazi zake za mwaka 1937. Alieleza ugonjwa ambao mifupa hugeuka nyuzinyuzi, ngozi hupata mabaka ya kahawia na wasichana hubalehe mapema mno. Alieleza pia matege yasiyosikia vitamini D ya kiasi cha kawaida. Kwa hiyo si kila mtoto mwenye matege amekosa jua au lishe, jambo linalosahaulika kirahisi.

Miaka hiyohiyo alianza kuugua ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1956 alifanyiwa upasuaji wa ubongo uliokuwa bado wa majaribio. Alivuja damu ubongoni, akaishi miaka 13 bila kuweza kuzungumza.