Ibn al-Haytham: Msomi aliyethibitisha kuwa jua na taa hufuata kanuni moja

MCHANA huangazwa na jua, na usiku huangazwa na mwezi na nyota. Vyote hivyo vikikosekana, binadamu huwasha moto, taa au mshumaa.

Je, mianga hiyo yote ina tabia moja, au mwanga wa angani una kanuni zake na wa utambi una zake? Takriban miaka 1,000 iliyopita, swali hilo lilijibiwa kwa majaribio na msomi ambaye alikuwa amenusurika ghadhabu ya mtawala wake.

Msomi huyo ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye Wazungu wa enzi za kati walimwita Alhazen. Alizaliwa mjini Basra, nchini Iraki, mnamo 965 hivi, akabobea katika hisabati na elimu ya nyota.

Kulingana na waandishi wa kale wa Kiarabu, masaibu yake yalitokana na maneno yake mwenyewe. Inasimuliwa kuwa alijigamba kwamba lau angekuwa Misri, angebuni njia ya kudhibiti maji ya Mto Nile.

Halikuwa jambo dogo. Mto huo ulipofurika kupita kiasi, mashamba na makazi yalisombwa, na maji yalipopungua, njaa iliwakumba wananchi.

Habari hizo zilimfikia al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala kutoka jijini Cairo kati ya 996 na 1021. Kiongozi huyo alipenda elimu, na mnamo 1005 alianzisha taasisi iliyojulikana kama Dar al-Ilm, yaani Nyumba ya Elimu. Hata hivyo, alisifika pia kwa ukatili, na maafisa wake wengi waliuawa kwa amri yake.

Al-Hakim alimwalika Ibn al-Haytham na kumpa watu na mali ya kutekeleza mpango wake. Msafara ulielekea kusini hadi karibu na Aswan.

Njiani, msomi huyo aliyatazama majengo makuu yaliyoachwa na Wamisri wa kale. Akatambua kwamba, kama kazi hiyo ingewezekana, wajenzi hodari kiasi hicho wangekwisha kuifanya. Alipofika kwenye maporomoko ya mto, akaona wazi kuwa mpango wake haungefaulu. Bwawa Kuu la Aswan lilikuja kukamilika mnamo 1970, zaidi ya miaka 900 baadaye.

Ibn al-Haytham alirejea Cairo kwa fedheha na kukiri kwamba ameshindwa. Khalifa hakumwadhibu papo hapo, bali alimpa kazi serikalini. Kwa kuhofia maisha yake, msomi huyo alijifanya mwendawazimu. Mali yake ikawekwa chini ya waangalizi, naye akafungiwa nyumbani.

Inasimuliwa kuwa aliishi hivyo hadi 1021, al-Hakim alipotoweka asionekane tena. Hapo akaonyesha kwamba akili zake zilikuwa timamu.

Wanahistoria hukadiria kuwa katika kipindi hicho, kati ya 1011 na 1021, ndipo alipoandika Kitab al-Manazir, kazi yake kubwa kuhusu mwanga na uwezo wa kuona. Neno hilo manazir lina asili moja na neno la Kiswahili mandhari. Kazi hiyo ina vitabu saba.

Wasomi wa Kigiriki kama vile Euclid na Ptolemy walikuwa wamefundisha kwamba macho hutoa miali inayokwenda kugusa vitu. Ibn al-Haytham alipinga. Alieleza kuwa anayelitazama jua huumia macho, ishara kwamba kuna kitu kinachotoka nje na kuingia jichoni, wala si kinyume chake.

Aidha, aligawa mianga mafungu mawili. Kuna vitu vinavyojiangaza vyenyewe, kama vile jua na moto, na kuna vitu ambavyo huangazwa na vingine, kisha navyo vikaeneza mwanga huo. Ndiyo sababu chumba kisichopigwa na jua bado hupata mwanga kutoka kwenye ukuta ulio mkabala nacho.

Jaribio lake mashuhuri lilihitaji vifaa ambavyo hata maskini alikuwa navyo. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu moja linaloingia chumba chenye giza. Ukutani mle ndani yakatokea madoa ya mwanga, idadi yake sawa na ya taa zilizokuwa nje.

Alipoifunika taa moja, doa lake pekee lilitoweka. Alipoifunua, likarudi. Kwa hivyo, mianga ya taa zote ilipita katika tundu hilo pasipo kuchanganyika, kila mmoja ukifuata mstari wake ulionyooka.

Alichunguza pia mwanga wa jua, wa mwezi na wa moto, akaona kuwa yote husafiri kwa mistari iliyonyooka.

Katika maandishi mengine, alieleza kuwa mwezi huangazwa na jua lakini haufanyi kazi kama kioo. Kila sehemu yake iliyoangazwa hutawanya mwanga pande zote. Vilevile alifafanua ni kwa nini jua lililopatwa huonekana kama hilali linapopenya kwenye tundu dogo.

Si yote aliyoyasema yaliyokuwa sahihi. Aliamini kuwa sayari hujiangaza zenyewe, ilhali huangazwa na jua. Alidhani pia kuwa lenzi ndiyo sehemu ya jicho inayohisi mwanga, kosa ambalo Johannes Kepler wa Ujerumani alilirekebisha mnamo 1604.

Baada ya kuwa huru, Ibn al-Haytham aliishi karibu na msikiti wa Al-Azhar. Alijikimu kwa kunakili vitabu vya hisabati, na inasemekana kazi hiyo ilimpa dinari 150 kwa mwaka. Alifariki Cairo mnamo 1040 hivi.

Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini na kuwanufaisha wasomi wa Ulaya kama vile Roger Bacon. Mnamo 1572 kilichapishwa mjini Basel, Uswisi. Mwaka wa 2015, ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mwanga, mchango wake ulikumbukwa kote duniani.

Katika kitabu alichokiandika kukosoa kazi za Ptolemy, Ibn al-Haytham aliwausia wanaotafuta ukweli wasiyaamini maandishi ya wakale kwa sababu tu ya heshima. Aliwataka wayapime kwa hoja na ushahidi, na wajitilie shaka hata wao wenyewe.