Alivuka mpaka na wanawe wawili mgongoni

Hebu jiulize kitu kimoja kabla hujasonga mbele. Ukiambiwa uondoke leo usiku na mkeo na watoto wanne, bila pasipoti, bila nauli, bila mtu yeyote unayemjua huko uendako, na mkishikwa mnauzwa kila mmoja kivyake, utabeba nini?

Josiah Henson alibeba shanta. Si shanta ya nguo, ya watoto. Mkewe Charlotte alikuwa ameishona kwa kitambaa kigumu cha magunia, na mikanda miwili mipana ya kupitisha mabegani. Wale wanao wawili wadogo waliingia humo ndani, na kwa siku kadhaa kabla ya safari jamaa alikuwa akifanya mazoezi ya kutembea nao gizani ili wamzoee na yeye auzoee uzito wao.

Sasa shika hili kwanza, maana bila hili hutaelewa uzito wa hiyo shanta. Mabega ya Henson yalikuwa yamevunjwa. Miaka kadhaa nyuma, nyapara wa shamba la jirani alimvizia na kumpiga kwa gogo la ua hadi mkono na mifupa ya mabega ikavunjika. Hakuna daktari aliyeitwa. Mifupa ilijiunga yenyewe ilivyotaka, na tangu siku hiyo hakuweza tena kuinua mikono yake hadi kichwani.

Alizaliwa mwaka 1789 huko Charles County, jimbo la Maryland, Marekani, mtumwa mwana wa watumwa. Kumbukumbu yake ya kwanza kabisa maishani ni ya baba yake akirudi nyumbani akitokwa damu, mgongo umechanwa kwa viboko na sikio moja limekatwa. Kosa lake? Alimpiga nyapara mzungu aliyemdhulumu mkewe. Baadaye baba huyo akauzwa Alabama, mbali kusini, na familia haikumwona tena. Miaka ikapita, mwenye shamba akafa maji akiwa mlevi, na mali yake yote ikapigwa mnada. Mali yenyewe ilikuwa ni watu. Ndugu zake Josiah waliuzwa mmoja mmoja, mama yake akanunuliwa na mtu anayeitwa Isaac Riley, na yeye akanunuliwa na mtu mwingine. Alirudishwa kwa mama yake kwa sababu tu aliugua, na yule bwana akaona mtoto wa kufa hana faida. Riley akamchukua kwa bei ya kutupa.

Mama huyo hakujua kusoma lakini aliijua Sala ya Bwana, na akamfundisha mwanawe. Akiwa kijana wa miaka 18 hivi, Josiah alienda kumsikiliza mhubiri mmoja mwokaji mikate aliyepinga utumwa hadharani. Ndiyo mara yake ya kwanza kusikia kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya kila mtu, hata yeye. Fikiria umeishi miaka 18 na hakuna aliyewahi kukuambia kwamba upo kwenye hesabu. Akaanza kuwahubiria wenzake, na baadaye kanisa la Methodisti likamtambua kama mhubiri.

Ningependa kukuambia kwamba tangu hapo alikuwa shujaa. Wapi! Na hapa ndipo mimi humheshimu zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha.

Mwaka 1825 Riley aliingia kwenye madeni. Akamwomba Henson, mtumwa wake mwaminifu, awapeleke watumwa 18 hadi shamba la ndugu yake kule Kentucky wasije wakachukuliwa na wadai. Henson akaapa atawafikisha. Njiani walishuka Mto Ohio kwa mashua, wakafika Cincinnati, na Ohio ilikuwa jimbo lisiloruhusu utumwa. Watu weusi huru wa mji ule wakaja ukingoni wakawasihi wabaki. Ni kushuka tu kwenye mashua, basi, mmekuwa huru. Wenzake wakafurahi. Henson akakataa. Alikuwa ametoa neno lake kwa bwana wake, na kichwani mwake uhuru ulikuwa kitu cha kununua kwa halali, si cha kutoroka. Akaamuru mashua isukumwe ikaendelea na safari.

Miaka michache baadaye ikaja amri kutoka Maryland kwamba wale watu wauzwe. Wakauzwa, isipokuwa Henson na familia yake. Aliwatazama wakitenganishwa, mama huku, mtoto kule, akijua ni yeye aliyewapitisha mlangoni mwa uhuru mlango ukiwa wazi. Hadi uzeeni alikiri kwamba jambo hilo lilimuuma kuliko yote.

Na ule uhuru wa halali je? Alijaribu. Alizunguka Ohio akihubiri, watu wakamchangia, akarudi kwa Riley na pesa na farasi. Wakakubaliana dola 450. Alilipa 350 papo hapo na 100 zikabaki deni. Alipofika Kentucky na karatasi zake ndipo akajua kwamba deni lililoandikwa si 100 bali 1,000. Hakujua kusoma, bana. Mtu alimwandikia alichotaka, naye akaibeba karatasi hiyo akiringa nayo njia nzima.

Mwaka 1830 akapelekwa New Orleans akauzwe. Aliponea tu kwa sababu mtoto wa bwana wake, aliyekuwa akimsindikiza sokoni, aliugua homa kali na akahitaji mtu wa kumuuguza hadi nyumbani. Henson alimuuguza, akamrudisha kwao akiwa hai. Shukrani hakuona. Ndipo akaamua: Kanada.

Kwa nini Kanada? Ilikuwa chini ya Uingereza, na upande ule wa Ontario ya leo sheria ya mwaka 1793 ilikuwa imekataza kuingiza watumwa wapya. Ukikanyaga kule, bwana wako hana mamlaka juu yako. Charlotte aliogopa, akalia, akaona watakufa wote msituni. Ilibidi Josiah amwambie kwamba yeye ataenda na watoto, amwachie yule mdogo tu. Mapenzi magumu hayo, na sitayasifia. Mwishowe mama akakubali.

Waliondoka katikati ya Septemba, usiku wa Jumamosi. Jamaa alikuwa amepiga hesabu: Jumapili hakuna kazi, Jumatatu na Jumanne yeye alitarajiwa kuwa kwenye mashamba ya mbali, kwa hivyo hawangegundulika upesi. Mtumwa mwenzake akawavusha mto kwa mtumbwi. Kwa wiki mbili wakatembea usiku na kujificha mchana kupitia Indiana, hadi Cincinnati.

Ukisoma safari hii utaona kitu kimoja kinajirudia. Kila wanapofika mwisho wa nguvu zao, kuna mtu. Chakula kilipoisha Henson alitoka mchana akabisha hodi kwenye nyumba za watu. Mwanamume mmoja akamfukuza. Mkewe akamwita kando, akampa mkate na nyama ya paa, na pesa akakataa kupokea. Nyama ile ilikuwa na chumvi nyingi, watoto wakashikwa na kiu, akaenda kutafuta maji. Kofia ilikuwa inavuja. Akavua viatu, akavisuuza, akawaletea maji ndani ya viatu.

Kule Cincinnati, mji uleule aliowapita wenzake 18, marafiki waliwapokea, wakawapumzisha, na wakawasafirisha kwa gari la farasi karibu maili 30 mbele. Hakustahili? Labda. Hakuna aliyemuuliza.

Baada ya hapo waliingia njia ya jeshi iliyokatwa msituni, hakuna nyumba, usiku mbwamwitu wanalia. Charlotte akazirai kwa njaa. Kisha wakakutana na wenyeji asilia wa Amerika, ambao mwanzoni walikimbia kwa kuwaona watu weusi. Lakini kijijini mkubwa wao aliamuru wageni wapewe chakula, wakapewa na kibanda cha kulala. Asubuhi wakaonyeshwa njia. Kando ya Ziwa Erie, nahodha mmoja Mskoti aliyekuwa akipakia mahindi akawangoja hadi giza liingie, akatuma mashua iwachukue mafichoni. Wakafika Buffalo. Akawalipia nauli ya kuvuka, na mkononi mwa Henson akaacha dola moja.

Tarehe 28 Oktoba 1830 wakashuka upande wa Kanada. Henson akajitupa chini, akagaagaa kwenye mchanga, akabusu ardhi, akaruka na kucheza hadi mtu mmoja aliyekuwa hapo akadhani ameshikwa na kifafa.

Sasa tuje kwa sehemu ambayo watu hupenda kuruka. Kufika si kuishi. Muulize yeyote ambaye ndugu yake yuko majuu. Nyumba ya kwanza waliyopewa na mwajiri wake ilikuwa kibanda ambacho nguruwe walikuwa wamehamia. Henson akawatoa, akasugua sakafu usiku kucha, akaleta majani makavu yawe kitanda, na kesho yake akawaingiza mkewe na watoto. Akafanya kazi hapo miaka mitatu. Pole pole wakapata nguruwe wao wenyewe, ng'ombe na farasi.

Yule mwajiri akamlipia Tom, mtoto mkubwa, mihula miwili ya shule. Jumapili moja asubuhi Henson alitaka kuhubiri, akamwomba Tom amsomee Zaburi. Mtoto akasoma, kisha akauliza huyu Daudi alikuwa nani, na kama baba anaweza kujisomea. Akabanwa. Akakiri hawezi. Mhubiri mwenye umri wa miaka zaidi ya 40, mbele ya mwanawe. Tom akajitolea kumfundisha, na usiku baada ya kazi wakaketi kwenye mwanga wa moto, mtoto ndiye mwalimu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwisha na nikaona aibu kurudi hata nilipopata nusu yake. Kwa hivyo hiki kisa cha Tom na babake sikukisoma nikiwa nimenyooka kitini, nakuambia ukweli.

Henson hakutosheka na kushiba kwake. Alirudi Kentucky kwa siri kuwatoa wengine, na kwa hesabu yake mwenyewe alisaidia watu 118 kufika Kanada. Nadhani unajua kwa nini nami naikumbuka ile 18.

Tena alikuwa ameona kwamba watu weusi wengi kule walikuwa huru lakini vibarua tu wa milele. Pamoja na mmisionari Hiram Wilson, na pesa zilizochangwa Uingereza kupitia James Fuller wa kanisa la Quaker (hili ni lile la Friends, watu wa Kaimosi wanalijua vizuri), walinunua ekari 200 katika eneo la Dawn karibu na Mto Sydenham. Shule ikafunguliwa 1842, ya kusoma na kazi za mikono. Makazi ya Dawn yalifikia watu kama 500. Henson akaona miti ya jozi nyeusi inachomwa ovyo, akasaka mtaji Boston, kikajengwa kiwanda cha kupasua mbao. Mbao zake zilizong'arishwa zilionyeshwa London kwenye Maonyesho Makuu ya 1851 na zikapata nishani ya shaba.

Usidhani ilikuwa raha mustarehe. Dawn ilijaa ugomvi wa pesa na uongozi, madeni yakapanda, na Henson mwenyewe alilaumiwa na wenzake kuhusu uendeshaji. Shule ilifungwa 1868.

Jina lake unaweza kuwa ulilisikia bila kujua. Kitabu chake cha maisha kilitoka 1849, na Harriet Beecher Stowe, aliyeandika riwaya ya Uncle Tom's Cabin mwaka 1852, alimtaja Henson miongoni mwa waliompa habari za kujengea kisa chake. Riwaya ikauzwa kama maandazi ya asubuhi. Ajabu ni kwamba jina Uncle Tom likaja kuwa tusi la mtu mweusi anayejipendekeza kwa mzungu, na Henson akabebeshwa lebo hiyo. Yule Tom wa riwaya anakufa utumwani. Huyu wa kweli alitoroka na familia yake.

Mwaka 1877, akiwa na miaka 87, alipokelewa na Malkia Victoria katika kasri la Windsor. Lakini ziara ninayoipenda mimi ni ile aliyofanya uzeeni kule Maryland, shamba la Riley. Shamba limechakaa, Riley amekufa, mjane wake amelala kitandani, mgonjwa. Henson akaingia amevaa suti. Mama akakataa katakata kwamba huyu ni yule mtumwa wao. Akamwita karibu, akampapasa mikono, akafika kwenye yale mabega yaliyojiunga vibaya. Hapo akamtambua.

Alifariki Dresden, Ontario, tarehe 5 Mei 1883. Nyumba yake sasa ni makumbusho, na kaburi lake liko hapo hapo karibu.