Handel, Mtunzi wa Haleluya



Kwaya zetu nyingi, za mjini na za shamba, zinaufahamu wimbo wa Haleluya unaoimbwa kwa sauti nne, hasa wakati wa Krismasi na Pasaka. Lakini ni wachache wanaomjua mtu aliyeutunga, na wachache zaidi wanaojua kwamba aliutunga wakati ambapo kazi yake ilikuwa imekwama. Mwezi huu tumeona vema tueleze habari za maisha yake. Katika mitaa yetu wapo vijana waliopewa na Mungu kipawa cha kuimba, cha kupiga kinanda, cha kuchora au cha kuandika, na wazazi wao hawajui kama wawaruhusu au wawazuie. Wapo pia watu wazima walioianza kazi ya namna hiyo kwa moto mwingi, na sasa moto umefifia. Hawa wote wana jambo la kujifunza kwa mtu huyu.

Kijana wa Halle

George Frideric Handel alizaliwa tarehe 23 Februari 1685 katika mji wa Halle, Ujerumani. Baba yake alikuwa kinyozi, na siku zile vinyozi wa Ulaya walikuwa pia wapasuaji waliotibu majeraha. Alikuwa mtu mwenye heshima mjini, na umri wake ulikuwa umepita miaka 60 mtoto huyu alipozaliwa. Mama yake, Dorothea, alikuwa binti wa mchungaji wa Kilutheri.

Mzee huyo alitaka mwanawe awe mwanasheria. Muziki kwake ulikuwa kitu cha kuburudisha, si kazi ya kumlisha mtu. Tusimlaumu upesi, maana hata leo mzazi gani hapendi kumwona mtoto wake katika kazi yenye mshahara wa hakika? Inasimuliwa kwamba mtoto alipatiwa kinanda kidogo kilichofichwa darini, naye akawa anapanda usiku kujifunza wakati wengine wamelala. Inasimuliwa pia kwamba siku moja alifuatana na baba yake mpaka Weissenfels, ambako mzee alimhudumia mtawala wa huko. Mtoto akapiga kinanda cha kanisa, mtawala akamsikia, akamshauri baba asikizime kipawa kile. Baba akakubali mtoto afundishwe.

Mwalimu wake alikuwa Friedrich Wilhelm Zachow, mpiga kinanda wa kanisa kubwa la Halle. Zachow alimfundisha vyombo mbalimbali na kanuni za kupatanisha sauti. Tena alimfanya anakili kwa mkono kazi za watunzi wengine, ukurasa baada ya ukurasa, ili aone jinsi walivyojenga nyimbo zao. Ndivyo kipawa kilivyopewa mafunzo kabla ya kutafuta sifa.

Baba alifariki mwaka 1697, kijana hajatimiza miaka 12. Hata hivyo mwaka 1702 aliandikishwa katika Chuo Kikuu cha Halle, na mwaka huohuo akapata kazi ya kupiga kinanda kanisani. Mwaka 1703 aliondoka kwenda Hamburg akaanza chini kabisa, akipiga fidla pamoja na wengi katika jumba la opera, yaani mchezo ambao maneno yake yote huimbwa. Mwaka 1705, akiwa na miaka 19, opera yake ya kwanza ikachezwa. Mwaka 1706 akaenda Italia, maana huko ndiko opera ilikozaliwa, akakaa mpaka 1710 akijifunza lugha na namna ya kuandikia sauti ya mwanadamu. Kwa hiyo alipofika London mwishoni mwa mwaka 1710 alikuwa fundi kamili. Opera yake iitwayo Rinaldo, iliyochezwa mwaka 1711, ilimfanya ajulikane mji mzima.

Kupanda na kushuka

Kwa miaka mingi mambo yalimwendea vizuri. Mwaka 1723 alipanga nyumba katika mtaa wa Brook, London, akakaa humo mpaka kufa kwake. Mwaka 1727 alifanywa raia wa Uingereza, na mwaka huo akatunga nyimbo za kutawazwa kwa Mfalme George wa Pili. Mmojawapo wahusu kuhani Sadoki na nabii Nathani walipomtia Sulemani mafuta. Wimbo huo umeimbwa katika kila kutawazwa kwa wafalme wa Uingereza tangu hapo, hata kwa Mfalme Charles wa Tatu mwaka 2023.

Lakini opera ilikuwa kazi ya gharama kubwa. Iliimbwa kwa Kiitaliano, na waimbaji mashuhuri walidai malipo makubwa mno. Mwaka 1728 mchezo wa Kiingereza wenye nyimbo za mitaani uliwavuta watu wengi, na kampuni ya opera ikafunga milango mwaka huohuo. Handel akaanza tena. Mwaka 1733 wakuu wa mji wakaunda kampuni nyingine ya kushindana naye, na mji mmoja haukuweza kuzilisha kampuni mbili. Mwaka 1737, akiwa na miaka 52, mwili nao ukakataa. Alipooza mkono wa kulia, mkono wa kuandikia na kupigia kinanda. Ikawa kama seremala aliyenyang'anywa randa.

Alikwenda Aachen, Ujerumani, penye chemchemi za maji ya moto, akaoga kwa bidii mpaka nguvu zikamrudia. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerudi London na kushika kalamu. Hata hivyo watu walikuwa wamechoka na opera. Ile ya mwisho, mwaka 1741, ilichezwa mara tatu tu. Mtu wa miaka 55 akajikuta njia aliyoifuata tangu ujana wake imefika ukingoni.

Siku 24

Ndugu zangu, hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Mara nyingi mtu anayekwama hudhani kwamba kipawa kimemwacha. Lakini pengine kilichokauka ni mfereji tu, na chemchemi ingali hai. Handel alibadili mfereji. Kwa miaka kadhaa alikuwa amejaribu oratorio, yaani habari ndefu inayoimbwa na waimbaji na kwaya bila mavazi ya michezo wala mapambo ya jukwaa, tena kwa lugha ya wenyeji. Katika oratorio kazi kubwa ni ya kwaya, wala gharama si kama za opera.

Rafiki yake Charles Jennens alikuwa amempa maneno yaliyochaguliwa katika Biblia ya Kiingereza na katika Zaburi za Kitabu cha Sala, yakieleza unabii juu ya Masihi, kuzaliwa kwake, mateso yake na ushindi wake. Tena ukaja mwaliko wa kwenda Dublin, Ireland. Handel aliketi kuandika tarehe 22 Agosti 1741. Sehemu ya kwanza ilikwisha tarehe 28, ya pili tarehe 6 Septemba, ya tatu tarehe 12, na siku mbili baadaye kazi yote ilikuwa tayari. Ni siku 24.

Watu husikia hesabu hiyo wakadhani muziki ulimwangukia kama mvua. Sisi twaona fundi kazini. Desturi yake ilikuwa kuandika kwanza sauti inayoongoza pamoja na sauti ya chini kabisa, akaenda hivyo mpaka mwisho wa wimbo, kisha akarudi kujaza sauti za katikati. Hakusimama njiani kutafuta ukamilifu. Tena hakuona haya kutumia akiba yake. Wimbo wa Masihi unaohusu mtoto aliyezaliwa kwa ajili yetu, kutoka Isaya 9, aliujenga juu ya nyimbo za Kiitaliano za sauti mbili alizokuwa ametunga mwezi wa Julai mwaka uleule. Wala hakupumzika kungoja sifa. Kabla ya Oktoba kwisha alikuwa amemaliza oratorio nyingine, ya Samsoni.

Masihi iliimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na kwaya za makanisa makuu mawili ya mji ule zilisaidia. Watu kama 700 walihudhuria. Fedha zilizopatikana zilikwenda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakalipiwa madeni yao wakaachiliwa. Wimbo ulifungua milango ya gereza kabla haujapata sifa duniani.

London, mwaka 1743, haikuipokea hivyo. Wengine walinung'unika kwamba maneno ya Mungu hayafai kuimbwa katika jumba la michezo. Handel alivumilia. Mwaka 1750 aliiongoza katika kanisa la makao ya watoto waliotupwa, yaliyoanzishwa na Thomas Coram, na watu walikuwa wengi hata ikabidi irudiwe. Tangu hapo iliimbwa huko mwaka hata mwaka, ikawaletea watoto wale karibu paundi 7,000.

Hatumwandiki Handel kama mtakatifu. Alikuwa mkali, mwepesi wa hasira. Tena, katika miaka ya karibuni wataalamu wamelikuta jina lake katika vitabu vya hisa vya Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyofanya biashara ya watumwa kutoka Afrika Magharibi. Sisi tunaojua kwamba Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa hatuwezi kulipita jambo hilo kimya. Kipawa si cheti cha utakatifu. Tunapoimba Haleluya, twamsifu aliyekitoa.

Giza

Mwezi wa Februari 1751 alikuwa akitunga oratorio ya Yeftha. Alifika kwenye wimbo wa kwaya unaosema juu ya makusudi ya Mungu yaliyofichwa machoni pa wanadamu, na hapohapo akalazimika kuacha. Pembeni ya ukurasa aliandika tarehe 13 na sababu yake: jicho la kushoto lilikuwa limelegea. Siku kumi baadaye, siku ya kuzaliwa kwake, aliishika kalamu tena. Kazi aliyozoea kuimaliza kwa majuma machache ilimchukua mpaka tarehe 30 Agosti.

Madaktari walijaribu kumpasua macho, wasifanikiwe. Kufikia mwaka 1753 alikuwa kipofu. Lakini hakuacha kutumika. Msaidizi wake alimwandikia, naye akaendelea kupiga kinanda mbele ya watu. Wapiga vyombo walipiga sehemu zao zilizoandikwa, kisha wakanyamaza, naye akabuni papo hapo kutoka moyoni mpaka awape ishara ya kuingia tena. Mafunzo ya utotoni kwa Zachow yalimsaidia wakati macho hayapo.

Tarehe 6 Aprili 1759 alihudhuria Masihi kwa mara ya mwisho. Alifariki tarehe 14 Aprili, Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka. Alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, na watu wapatao 3,000 walihudhuria. Katika wasia wake aliwaachia watoto wa makao yale nakala ya Masihi, na paundi 1,000 kwa chama cha kuwasaidia wanamuziki maskini.

Fundisho kwetu

Kwa wazazi twasema hivi: msikizime kipawa, lakini msikiache bila mwalimu. Kijana apate elimu yake ya shule, na pamoja nayo apate fundi wa kumwongoza. Mapenzi peke yake hayajengi kazi. Handel alipata mkate kwa muziki kwa sababu alikubali miaka mingi ya kunakili, ya kukaa safu ya nyuma, na ya kujifunza ugenini.

Kwa walimu wa kwaya na wote waliokwama: msingoje moyo uchangamke ndipo muanze. Kaeni mezani saa yenu ya kazi ifikapo. Andikeni sauti mbili kwanza, nyingine zitafuata. Rudieni akiba yenu ya zamani. Kama njia moja imefungwa, pigeni hodi kwenye mlango mwingine. Na kazi ikikwisha, itoeni imfae mwenye shida.

Na sisi washarika tuna deni letu. Mara nyingi humsifu mwalimu wa kwaya siku ya sikukuu, kisha humsahau mwaka mzima, hana nauli wala karatasi ya kuandikia. Kisha twashangaa kwaya inapokosa nyimbo mpya. Waswahili husema, mcheza kwao hutuzwa. Basi tuwatunze watu wetu wenye vipawa wangali pamoja nasi.

Bwana na azibariki kazi za mikono yetu.